Ni Nani Aliyeiharibu Bustani? Somo la vikundi juu ya Adamu na Hawa

 

Somo la toleo hili ni refu kidogo. Linaweza kuchukua mikutano miwili. Anayesoma vizuri awasomee wengine polepole, na kikundi kisimame kila penye swali. Msikimbie. Kuna mambo ambayo tumeyabeba kichwani tangu utotoni, na kuyatua huchukua muda.

KILICHOTUFANYA TUANDIKE

Tulitembelea kikundi kimoja kinachofuga mbuzi wa maziwa na kuweka akiba kila wiki mbili. Siku hiyo walikuwa wachague mweka hazina, maana aliyekuwepo alikuwa amehamia kwa mwanawe mjini. Likatajwa jina la mama mmoja. Ni mama anayeuza mboga sokoni, na kila mtu anajua hesabu yake haipotei hata shilingi moja.

Kabla mikono haijainuliwa, mzee mmoja akasimama. Akasema, "Mimi sina ubaya na huyu mama. Lakini mambo haya tunayajua tangu Edeni. Nyoka hakumwendea Adamu, alimwendea mwanamke. Tukimpa sanduku, nyoka atarudi." Watu wakacheka. Mama naye akacheka kidogo, halafu akaomba jina lake liondolewe. Uchaguzi ukaahirishwa hadi mwezi uliofuata.

Sisi tulikuwa pale na daftari letu mkononi, na tulinyamaza. Tulijiambia kwamba ni mzaha tu. Njiani tukirudi ndipo tukaulizana: kama ni mzaha, mbona mama ameondoa jina lake?

Mwezi uliofuata tulirudi tukiwa na Biblia, karatasi kubwa na picha tatu. Haya ndiyo tuliyojifunza pamoja nao, na tunayaleta kwenu mjaribu wenyewe.

HATUA YA KWANZA: KILA MTU ASEME ANACHOKUMBUKA

Msifungue Biblia kwanza. Kila mtu aseme hadithi ya Adamu na Hawa jinsi anavyoikumbuka, na katibu aandike bila kubishana na mtu. (Katika sala zetu Wakatoliki wengi husema Eva. Eva na Hawa ni mmoja.)

Katika kikundi kile karatasi ilijaa upesi. Tunda lilikuwa tofaa. Adamu alikuwa mbali shambani wakati nyoka alipokuja. Mwanamke alilaaniwa. Mwanamke aliumbwa ili amtumikie mume. Kulima ni adhabu, kwa sababu mwanzoni watu walikuwa wanakaa tu bure wakila matunda. Karibu wote walikubali haya yote, akina mama pia.

HATUA YA PILI: TUFUNGUE KITABU

Sasa someni Kitabu cha Mwanzo, sura ya 1 kuanzia aya ya 26, kisha sura ya 2 na ya 3. Baada ya kusoma, rudini kwenye karatasi yenu, mstari mmoja mmoja.

Tofaa. Litafuteni. Halipo! Biblia inasema tunda tu, haitaji aina yake. Walimu wa Kiyahudi wa zamani walijadiliana juu yake: mmoja alisema ni mzabibu, mwingine ngano, mwingine mtini, kwa kuwa wawili wale walijifunika kwa majani ya mtini. Tofaa lilipata nguvu huko Ulaya, ambako watu walisoma Biblia kwa Kilatini. Katika lugha hiyo neno la tofaa na neno la ubaya hufanana sana. Wachoraji wakachora tofaa, nasi tukarithi tofaa.

Kulima ni adhabu. Angalieni sura ya 2 aya ya 15. Mungu anamweka mtu bustanini ailime na aitunze. Hapo nyoka bado hajatokea. Kwa hiyo kazi ilikuwepo kabla ya kosa. Kilichokuja baada ya kosa ni jasho, miiba na magugu. Papa Fransisko, katika barua yake Laudato si' ya mwaka 2015, alieleza maneno hayo mawili: kulima ni kuifanyia ardhi kazi, na kutunza ni kuilinda. Hatukupewa la kwanza peke yake. Anayelima mtelemko bila kuchimba mitaro ametii nusu tu.

Mwanamke aliumbwa ili atumikie. Sura ya 1 aya ya 27 inasema mwanamume na mwanamke, wote wawili, waliumbwa kwa mfano wa Mungu. Katika sura ya 2 mwanamke anaitwa msaidizi. Hapa wengi wetu hufikiria mtumishi wa nyumbani. Lakini neno la Kiebrania lililotumika hapo ndilo linalotumika kwa Mungu mwenyewe katika Zaburi ya 121, pale mwenye kusali anapoinua macho milimani na kuuliza msaada wake utatoka wapi. Je, Mungu ni mtumishi wetu wa nyumbani? Hapana. Basi msaidizi ni yule ambaye bila yeye mtu hawezi.

Adamu alikuwa mbali. Hapa kikundi kilibishana sana. Katika Kiebrania, sura ya 3 aya ya 6 inasema mume alikuwa pamoja naye. Si kila tafsiri ya Kiswahili inaonyesha maneno hayo, kwa hiyo msishangae msipoyakuta. Lakini Kiswahili chetu kinaonyesha jambo jingine. Sikilizeni jinsi nyoka anavyosema. Hasemi "wewe". Anasema na watu wengi, "ninyi". Tena Adamu alipopewa tunda hakuuliza swali hata moja. Alikula.

Mwanamke alilaaniwa. Tafuteni neno hilo la kulaaniwa. Mtalikuta mara mbili katika sura ya 3: aya ya 14 kwa nyoka, na aya ya 17 kwa ardhi. Mwanamke na mwanamume wanaambiwa taabu zitakazowapata, lakini hawalaaniwi. Aya ya 16 inasema mume atamtawala mke. Wengi husoma hapo kana kwamba ni amri. Papa Yohane Paulo wa Pili, katika barua yake ya mwaka 1988 juu ya hadhi ya mwanamke, alieleza kwamba kutawaliwa huko ni matokeo ya dhambi. Ni dalili kwamba mpango wa mwanzo umeharibika. Magugu pia yametajwa katika sura hiyohiyo, na hakuna mkulima anayeyaacha ati kwa sababu yameandikwa.

Mwisho, tazameni aya ya 12 na ya 13. Mungu anauliza. Adamu anamsukumia mwanamke, na mwanamke anamsukumia nyoka. Mama mmoja mzee alisema, "Kumbe mkutano wa kwanza wa kutafuta mwenye makosa ulifanyika Edeni!" Watu walicheka, lakini safari hii kicheko kilikuwa tofauti.

Yule mzee wetu alikaa kimya muda mrefu. Halafu akauliza, "Na Mtume Paulo je? Si amesema aliyedanganywa ni mwanamke?" Ni swali la haki, na lazima lijibiwe. Maneno hayo yamo katika Barua ya kwanza kwa Timotheo, sura ya 2. Lakini fungueni pia Barua kwa Warumi, sura ya 5. Hapo Paulo anaeleza jinsi dhambi ilivyoingia ulimwenguni, na anayetajwa ni Adamu. Hawa hatajwi kabisa. Basi anayechukua mstari mmoja amnyamazishe jirani yake, achukue na ule mwingine.

Mtu akiuliza kama mambo haya yote yalitokea neno kwa neno, Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992, namba 390, inasaidia. Inasema sura ya 3 ya Mwanzo hutumia lugha ya mifano, lakini inasimulia jambo la kweli lililotokea mwanzoni mwa historia ya watu. Kwa hiyo tusikwame tukitafuta mti ulipo. Tutafute tunachofundishwa.

HATUA YA TATU: MAJIRANI ZETU WANASEMAJE?

Vikundi vyetu vingi vina Wakristo na Waislamu pamoja, na wote wana wazee wenye hadithi za kale. Wapeni nafasi.

Ndugu zetu Waislamu wanawajua Adamu na Hawa, ingawa jina la Hawa limo katika mapokeo yao, si ndani ya Kurani. Katika Sura ya 7, Al-Aaraf, Shetani anawashawishi wote wawili, na wote wawili wanaomba msamaha kwa sauti moja. Katika Sura ya 20, Taha, anayenong'onezwa ni Adamu. Hakuna mahali Kurani inapomtwika mwanamke kosa peke yake. Sura hiyo ya 20 inaeleza pia jinsi bustani ilivyokuwa: hakuna njaa, hakuna uchi, hakuna kiu, wala jua kali. Sisi tunaotembea mbali kutafuta maji tunaelewa kwa nini peponi kumeelezwa hivyo.

Lugha pia inatuunganisha. Neno paradiso na neno Firdausi yana asili moja, neno la kale la Waajemi lenye maana ya bustani iliyozungushiwa ukuta. Nasi tukisema "binadamu" tunasema bin Adamu, mwana wa Adamu. Kwa Kiebrania jina Adamu liko karibu na neno la udongo, na Hawa ni jina la uhai. Udongo na uhai: shamba gani linaweza kukosa kimoja?

Sasa tuje kwa wazee wetu. Wagikuyu husimulia kwamba Ngai alimwonyesha Gikuyu nchi nzuri kutoka Kirinyaga, akampa mke, Mumbi, nao wakakaa Mukurwe wa Nyagathanga, huko Murang'a. Walizaa mabinti tisa, na koo zikaitwa kwa majina ya mabinti hao. Jomo Kenyatta aliyaandika haya katika kitabu chake cha mwaka 1938. Hapo hakuna tunda wala nyoka. Wabukusu nao huwataja Mwambu na Sela kuwa watu wa kwanza. Kila kikundi kiulize wazee wake, kwa maana hadithi hizi zinazeeka pamoja na wenye kuzijua.

Lakini tusijisifu kwamba Waafrika hatuna desturi ya kulaumu. Marehemu Profesa John Mbiti, mzaliwa wa Kitui, alikusanya hadithi nyingi za Afrika katika kitabu chake cha mwaka 1969. Nyingi husema kwamba mwanzoni Mungu alikuwa karibu na watu, kisha wakatengana. Wanuer wa Sudan Kusini husema kamba iliyounganisha mbingu na nchi ilikatwa na fisi. Waakan wa Ghana husema mwanamke alikuwa akitwanga chakula, mchi wake mrefu ukawa unamgonga Mungu, Mungu akaenda juu. Tuliposoma hiyo, mama mmoja akauliza, "Alikuwa anamtwangia nani?" Ni kweli. Aliyelaumiwa ndiye aliyekuwa anawatayarishia wote chakula.

HATUA YA NNE: TUTAZAME PICHA

Watu wengi hawakuisoma hadithi hii kwanza. Waliiona: kwenye kalenda, ukutani kanisani, katika kitabu cha katekisimu. Picha ni mwalimu mwenye nguvu, lakini mchoraji naye ni mtu. Siku hizi kijana mwenye simu anaweza kuwatafutia picha hizi. Kwa kila picha ulizeni: Tunaona nini? Je, kimo katika Kitabu? Kama hakimo, kimetoka wapi?

Picha ya kwanza ni ya Michelangelo, kwenye dari ya kanisa dogo la Sistina huko Vatikano, aliyoichora kati ya 1508 na 1512. Nyoka amezungushiwa mtini, lakini kuanzia kiunoni kwenda juu ana mwili wa mwanamke. Je, Biblia inasema hivyo? Hapana. Ilikuwa desturi ya wachoraji wengi wa Ulaya wakati huo. Mtoto akiiona picha kama hii, atajifunza bila kuambiwa kwamba hatari ina sura ya mama yake. Hata hivyo, tazameni mkono wa Adamu. Hangoji kupewa. Yeye mwenyewe ananyoosha mkono mtini. Mchoraji huyohuyo aliyeongeza uso wa mwanamke kwa nyoka hakumfanya Adamu kuwa mtu asiye na hatia.

Picha ya pili ni ya Masaccio, ukutani mwa kanisa moja mjini Florence, Italia, ya karibu mwaka 1425. Wawili wanatoka bustanini. Adamu amefunika uso kwa mikono miwili. Hawa amefungua mdomo, analia. Malaika yuko juu yao na upanga. Hakuna anayemnyoshea mwenzake kidole. Wanatembea pamoja. Zaidi ya miaka 200 baadaye, mtu alipaka majani juu ya miili yao ili kuficha uchi. Majani hayo yalikaa kwa karne tatu. Ukuta uliposafishwa katika miaka ya 1980, yakaondolewa. Hadithi nayo hupakwa majani. Kazi tuliyofanya kwenye karatasi yetu ilikuwa kazi ya kusafisha ukuta.

Kijana mmoja akauliza mbona katika picha hizi watu wa kwanza ni Wazungu. Jibu ni rahisi: mchoraji huchora nyuso za kwao. Hata hapa kwetu, Elimo Njau alipochora maisha ya Kristo katika kanisa la Murang'a miaka ya 1950, aliyaweka katika nchi ya milima ya huko na watu wa huko. Ubaya hauko katika kuchora nyuso za kwenu. Ubaya ni kudhani kwamba nyuso hizo peke yake ndizo mfano wa Mungu.

Picha ya tatu iko Istanbul, nchini Uturuki, katika jengo la Chora, lililokuwa kanisa na leo ni msikiti. Ilichorwa kati ya 1315 na 1321 hivi. Inaonyesha Kristo akishuka kuzimu, jambo tunalolikumbuka Jumamosi Kuu. Amevaa nyeupe. Malango ya kuzimu yamevunjika chini ya miguu yake, na kufuli na funguo zimetawanyika. Upande mmoja anamvuta Adamu kutoka kaburini, upande mwingine anamvuta Hawa. Kila mmoja ameshikwa mkono, na wote wanatoka kwa wakati mmoja.

Tuliiacha picha hiyo izunguke mkono kwa mkono. Ilipomfikia mzee wetu, aliishika muda mrefu kuliko wengine.

HATUA YA TANO: TURUDI KWETU

Tuliwauliza, "Basi, nani aliyeiharibu bustani?" Wakajibu: wote wawili walipewa kuitunza, wote wawili walikosa, wote wawili walitoka wakilia, na wote wawili wanainuliwa. Hatukuwa na la kuongeza.

Kuhusu pesa za kikundi, wakaamua jambo moja la busara. Sanduku litakuwa na kufuli tatu, na funguo zitashikwa na watu watatu tofauti. Daftari litasomwa kwa sauti kila mkutano. Jina la mama likatajwa tena. Akakubali kwa sharti moja, kwamba ufunguo mmoja ashike yule mzee. Mzee akasema, "Nitaushika. Na nitahesabu." Hakusema kwamba alikosea, nasi hatukumlazimisha aseme.

Tuseme wazi pia: hatukuandika somo hili ili tuseme wanawake hawaibi. Tumeona mweka hazina mwanamume akipoteza pesa, na tumeona mwanamke. Kinacholinda pesa ni daftari linalosomwa mbele ya wote. Nyoka hupenda mahali ambapo watu wawili wanajua na wengine hawaulizi.

Na sisi wahamasishaji tulijifunza letu. Mtu akidharauliwa kwa jina la Mungu na kiongozi akanyamaza, kimya hicho kinahesabiwa kuwa ni kukubali.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika kikundi chetu, ni kazi gani mtu hapewi kwa sababu ya methali, mzaha au mstari mmoja wa kitabu?
2. Jambo likiharibika kwetu, huwa tunamtafuta nani kwanza wa kulaumu? Kwa nini huyo?
3. Wazee wetu wanasimulia nini juu ya watu wa kwanza? Nani ataandika kabla hawajaondoka?
4. Ni picha gani zimetundikwa nyumbani na kanisani kwetu? Zinawafundisha nini watoto wetu, wasichana na wavulana?
5. Shamba letu tunalilima. Je, tunalitunza? Tutaje jambo moja tutakalofanya kabla ya mvua ijayo.

KAZI YA NYUMBANI

Kila mwanachama amsimulie mtoto mmoja hadithi ya bustani, bila tofaa, bila kumlaani mtu. Mkutano ujao mseme mtoto aliuliza nini. Watoto huuliza maswali ambayo sisi tuliogopa kuuliza.

Mungu aliyewaweka wawili bustanini awabariki katika mashamba yenu, na awape kuulizana bila kusukumiana lawama. Tuonane toleo lijalo.